Indianapolis, mji uliomsubiri Tamika

Nje ya Marekani, wengi waliowahi kusikia jina la Indianapolis walilisikia kwa sababu ya magari. Kila mwisho wa mwezi Mei madereva hukimbia mizunguko 200 katika uwanja wa mbio ulioko pale, jumla ya maili 500, na mji mzima huvuma. Lakini mgeni akikodi gari na kutoka nje ya mji kidogo, anachokiona tena na tena katikati ya mashamba ya mahindi na soya ni kikapu. Kimepigiliwa juu ya mlango wa ghala, juu ya gereji, kwenye nguzo iliyoinama pembeni mwa banda la ng'ombe. Mara nyingine nyumba yenyewe inaonekana kuchoka, rangi imebanduka, lakini wavu wa kikapu ni mpya.

Mpira wa kikapu haukubuniwa Indiana. Ulibuniwa Desemba 1891 na mwalimu James Naismith huko Springfield, Massachusetts, mbali upande wa mashariki. Ulipofika Indiana miaka michache baadaye, kupitia mji mdogo wa Crawfordsville, watu wa jimbo hili waliupokea kama mtoto wao wa kumzaa. Huko New Castle, mji wenye watu wasiofika 20,000, shule ya sekondari ina ukumbi wa mchezo huu unaokaa watu zaidi ya 8,000. Na hakuna mtoto wa Indiana asiyesimuliwa habari za Milan, shule ya kijijini yenye wanafunzi 161 ambayo mwaka 1954 iliifunga Muncie Central 32-30 katika fainali ya jimbo, kwa kikapu cha dakika ya mwisho cha kijana aitwaye Bobby Plump. Ukumbi walimochezea, wa Chuo Kikuu cha Butler, uliojengwa mwaka 1928, bado unatumika.

Mzazi mwenye mabinti ataona kasoro katika masimulizi hayo: yote ni ya wavulana. Mashindano ya jimbo ya shule kwa wavulana yalianza mwaka 1911. Ya wasichana yalianza 1976. Ni miaka 65 ya kukaa jukwaani na kushangilia kaka.

Kwa hiyo timu ya wanawake ya kulipwa, Indiana Fever, ilipoanza mwaka 2000, ilianza katika nchi ya mpira wa kikapu lakini si lazima katika nchi yake. Uwanja ulikuwepo, tena mpya, umefunguliwa mwishoni mwa 1999. Uko dakika chache kwa miguu kutoka Monument Circle, ule mzunguko wa barabara katikati ya mji wenye mnara wa kumbukumbu ya wanajeshi unaofika karibu mita 87 kwenda juu. Umejengwa kwa matofali na vyuma vilivyoachwa wazi, makusudi ufanane na kumbi za zamani za shule. Jina lake limebadilika kila mdhamini alipobadilika. Sasa ni Gainbridge Fieldhouse. Ndani yake Fever walicheza msimu wa kwanza wakashinda michezo 9 na kupoteza 23.

Mwaka uliofuata, 2001, ilipofika zamu yao ya kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, walifanya jambo lililowashangaza baadhi ya watu. Walikuwa na nafasi ya tatu. Wakamchukua binti aliyechanika kano ya goti miezi mitatu tu iliyotangulia, ambaye asingeweza kucheza hata dakika moja msimu ule. Jina lake Tamika Catchings. Mji ukaambiwa usubiri.

Tamika alizaliwa Julai 1979 huko New Jersey akiwa na tatizo la kusikia katika masikio yote mawili, la kiwango cha kati hadi kikubwa. Baba yake, Harvey Catchings, alikuwa mchezaji wa NBA, na maisha ya familia yalikuwa ya kufunga mizigo na kufungua: timu ikibadilika, nyumba inabadilika, shule inabadilika. Mtoto mwenye kusikia kwa shida humaliza muda mrefu kuzoea sauti ya mwalimu wake na namna midomo ya marafiki inavyotembea. Yeye akishazoea, wanahama.

Mwaka mmoja walihamia hadi Italia, baba alipopata timu huko. Huko walifahamiana na familia nyingine ya Kimarekani iliyofuata mpira, ya Joe Bryant, ambaye mtoto wake wa kiume aliitwa Kobe. Watoto wale wawili walikuja kuingizwa pamoja katika Ukumbi wa Heshima wa mpira wa kikapu, kundi la mwaka 2020. Sherehe ilifanyika Mei 2021. Kobe alikuwa ameshafariki katika ajali ya helikopta, Januari 2020.

Turudi utotoni. Enzi hizo vifaa vya kusaidia kusikia vilikuwa vikubwa, vinaonekana kwa mbali, na Tamika pia hakutamka baadhi ya maneno kama wenzake. Watoto ni watoto. Walimcheka darasani, walimwiga, walimfuata njiani. Siku moja akiwa bado shule ya msingi, akitoka shuleni kurudi nyumbani, alivivua vile vifaa na kuvitupa shambani kwenye majani marefu. Familia ilirudi kuvitafuta. Havikuonekana. Vilikuwa vya bei kubwa, na wazazi wake wakamwambia kwamba hawatanunua vingine. Itabidi ajifunze kuishi bila hivyo.

Hapa wazazi watagawanyika, na wana haki ya kugawanyika. Wapo watakaosema ndivyo mtoto anavyofundishwa thamani ya kitu. Lakini kwa mtoto aliyepoteza daftari adhabu ni kukosa daftari. Kwa Tamika adhabu ilikuwa kukosa nusu ya kila anachosema mwalimu, na iliendelea hadi akaenda chuo kikuu. Kosa lake lilikuwa la dakika moja, tena lilitokana na aibu aliyotiwa na wengine. Ni vigumu kuona hesabu hiyo ikilingana, hata kama mwisho wa safari ulikuja kuwa mzuri. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwalaumu wazazi hadharani, na hiyo ni heshima yake. Mwenye mtoto wa namna hiyo nyumbani leo asilichukue tukio lile kama mfano wa malezi.

Alichofanya Tamika ni kujipanga. Alikaa mbele darasani. Alisoma midomo. Na alijifungia katika mchezo, kwa sababu uwanjani hakuna aliyemuuliza kwa nini hatamki herufi fulani. Alipokuwa darasa la saba aliandika kwenye karatasi lengo la maisha yake: kucheza NBA. Ligi ya kulipwa ya wanawake ya WNBA haikuwepo. Iliamuliwa mwaka 1996 na kuanza kuchezwa 1997, yeye akiwa anamaliza sekondari. Kwa hiyo mtoto yule alikuwa ameandika jina la ligi ya wanaume kwa sababu ndiyo pekee aliyoijua, ligi ya baba yake.

Sekondari aliigawa kati ya majimbo mawili. Huko Illinois, nje kidogo ya Chicago, alicheza pamoja na dada yake Tauja, na mwaka 1995 alichaguliwa mchezaji bora wa kike wa shule katika jimbo zima akiwa bado kidato cha chini. Kisha wazazi wakaachana. Tauja akabaki, Tamika akaondoka na mama yake, Wanda, kwenda Duncanville, Texas. Kurasa za michezo hupita haraka hapo zikikimbilia mchezo mmoja wa Duncanville ambao Tamika alifunga pointi 25, akadaka rebaundi 18, akatoa pasi 11 za vikapu, akapokonya mipira 10 na kuzuia mitupo 10. Watu bado wanautaja. Lakini ukurasa wa familia unaweza kusimama kidogo kwenye sentensi ya kabla yake: mabinti wawili waliokuwa wakicheza pamoja kila siku walitenganishwa na talaka, mmoja akiwa ndiye anayemsaidia mwenzake kusikia dunia.

Mwaka 1997 alifika Knoxville, Chuo Kikuu cha Tennessee, mikononi mwa kocha Pat Summitt. Huyu alikuwa mama mkali, mwenye macho ya bluu ambayo wachezaji wake walisema yanachoma kuliko maneno. Msimu wa kwanza wa Tamika timu ilishinda michezo 39 na haikupoteza hata mmoja, ikachukua ubingwa wa vyuo. Hilo ni la vikombe. La pili ni la Summitt kama mlezi. Aligundua kwamba mchezaji wake bora anakosa maelekezo. Alimwita, akazungumza naye, akamtaka avae tena vifaa vya kusikia na aende kwa mtaalamu wa matamshi. Alimwambia kwamba siku moja hadithi yake itawafaa watu wengi, lakini itabidi kwanza awe tayari kuisema.

Tamika hakufurahi. Aliyetupa vifaa majanini ili asionekane tofauti sasa alitakiwa kuvivaa mbele ya wenzake na kusema mbele ya kamera. Alivivaa. Mtu mzima mmoja alikuwa ameona tatizo na kukataa kulizoea. Kati ya nyumbani na Knoxville alikuwa amepita mikononi mwa walimu na makocha wengi.

Januari 2001, katika mwaka wake wa mwisho chuoni, goti likaenda. Ndipo Indianapolis ikamchukua hivyo hivyo akiwa na magongo.

Alipoanza kucheza mwaka 2002 akawa mchezaji bora kati ya wapya, na kuanzia hapo hakuvaa jezi ya timu nyingine yoyote ya ligi hiyo. Misimu 15 akiichezea Fever. Namba 24. Katika michezo ya Marekani, ambako mchezaji huuzwa na kubadilishwa kama gunia la mahindi, hilo si jambo la kawaida. Kwa binti aliyehamishwa utoto wake wote lina uzito zaidi.

Waliomtazama pale uwanjani wanakumbuka macho yake. Ukumbi wenye kelele za watu elfu kadhaa huwachanganya wachezaji wanaotegemea kuitana. Yeye hakuwa akitegemea hilo tangu mtoto. Alitazama mabega ya mpinzani, alitazama midomo, alijua pasi inaelekea wapi kabla haijatoka mkononi, kisha mkono wake ukaingia katikati. Mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba kutosikia vizuri ndiko kulikomfundisha kuangalia. Hadi anastaafu alikuwa amepokonya mipira 1,074 na hakuna mchezaji mwingine wa WNBA aliyekuwa amefikia idadi hiyo. Mara tano alitajwa mlinzi bora wa ligi. Mwaka 2011 akawa mchezaji bora wa ligi yote. Dhahabu za Olimpiki ni nne: 2004, 2008, 2012 na 2016.

Fedha ni habari nyingine. Wakati anastaafu, mshahara wa juu kabisa katika WNBA ulikuwa kiasi cha dola 110,000 kwa msimu, wakati wanaume wa NBA katika jengo lile lile walilipwa mamilioni. Msimu wa wanawake ukiisha, wengi hupanda ndege kwenda kutafuta. Tamika alicheza Korea Kusini, Urusi, Poland na Uturuki. Mwili haukupata mapumziko. Septemba 2007, katika mechi za mtoano, kano ya kisigino ilikatika. Mwaka uliofuata alikuwa Beijing akivaa dhahabu.

Mwaka 2009 ndio mji ulipojaribiwa. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka na minong'ono ilienea kwamba wamiliki wangeifunga timu ya wanawake. Fever wakaenda wakafika fainali, dhidi ya Phoenix. Mechi ya tatu, nyumbani, watu zaidi ya 18,000 walijaa. Ubingwa haukupatikana, Phoenix walishinda katika mechi ya tano. Timu ilibaki.

Ubingwa ulikuja Oktoba 21, 2012, pale pale nyumbani, kwa kuifunga Minnesota 87-78. Katie Douglas, mzaliwa wa Indianapolis na mfungaji wa pili wa timu, alikuwa ameumia kifundo cha mguu, na watu hawakuwapa nafasi. Tamika akatajwa mchezaji bora wa fainali.

Mgeni mwenye muda na atembee kutoka katikati ya mji kuelekea kaskazini-magharibi hadi shule ya Crispus Attucks, iliyofunguliwa 1927 kwa ajili ya watoto weusi peke yao, kwa sababu mji haukutaka wasome na weupe. Mwaka 1955, ikiwa na kijana Oscar Robertson, Attucks ilikuwa shule ya kwanza ya weusi nchini kuchukua ubingwa wa jimbo uliokuwa wazi kwa wote. Desturi ilikuwa mabingwa wapandishwe gari la zimamoto na kusherehekea Monument Circle. Vijana wa Attucks walizungushwa pale mara moja tu, kisha wakapelekwa kwenye bustani iliyoko mitaa ya weusi, washerehekee huko huko kwao. Robertson hakulisahau hilo hadi uzeeni. Miaka 57 baadaye mwanamke mweusi, mgeni asiyezaliwa Indiana, aliuletea mji huo huo kombe, na mji mzima ukamwita kwa jina moja tu: Catch.

Si kwa vikapu pekee. Mwaka 2004, akiwa na miaka miwili tu ya kucheza, alianzisha taasisi ya Catch the Stars, akisaidiwa na Tauja, yule dada aliyeachana naye Illinois. Kazi yake ni watoto wa Indianapolis: kusoma vitabu, kufanya mazoezi, na kupata mtu mzima wa kuwafuatilia. Ukiangalia orodha hiyo unaona kabisa ilitoka wapi. Ni vitu alivyovikosa au alivyovipata kwa kuchelewa.

Msimu wa 2016 ulikuwa wa kuaga. Katikati yake, Juni 28, Pat Summitt alifariki baada ya miaka mitano ya kutangaza kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer. Tamika alicheza hadi mwisho wa msimu, na mwaka uliofuata Fever wakaistaafisha jezi namba 24. Baadaye alikuwa meneja mkuu wa timu hiyo kwa muda, hadi mapema 2022. Kipindi hicho timu ilikuwa dhaifu na kinaweza kupita bila maneno mengi. Kilichowafurahisha zaidi wenyeji ni kwamba mwaka 2017, aliposikia mgahawa mdogo wa chai aliokuwa akiupenda, Tea's Me, uko karibu kufungwa, aliununua. Mtaa wa 22, kaskazini kidogo ya katikati ya mji. Watu waliozoea kumwona kwenye mabango walimkuta hapo kama mwenye duka.

Tangu 2024, Fever walipomchukua Caitlin Clark kutoka Iowa, uwanja ule hujaa. Msimu wake wa kwanza wastani wa watazamaji nyumbani ulikuwa zaidi ya 17,000. Mabinti wadogo wenye jezi namba 22 husimama foleni na baba zao kuanzia mchana, na wengi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka 2009, wakati ilikuwa haijulikani kama kutakuwa na timu ya kuja kutazama. Wakiinua macho ndani ya ukumbi wataiona namba 24.

Mahali pengine pa kumwona ni kwenye jumba la makumbusho la watoto, The Children's Museum of Indianapolis, linalotajwa kuwa kubwa kuliko yote ya aina yake duniani. Mwaka 2018 lilifungua eneo la michezo la nje lenye sanamu za wanamichezo waliofungamana na Indiana. Oscar Robertson yupo. Larry Bird yupo. Yupo pia Wilma Rudolph, aliyepona polio utotoni baada ya miaka ya kuvaa chuma mguuni, akaja kuwa mkimbiaji wa dhahabu tatu za Roma 1960, na ambaye aliishi Indianapolis kwa muda. Tamika yumo pamoja nao. Kuna viwanja vidogo vya michezo mbalimbali, na vikapu vilivyofungwa chini kiasi ambacho hata mtoto wa chekechea anafikisha mpira. Wakati wa baridi eneo la nje hufungwa, hivyo familia inayotaka kwenda ichague kuanzia masika hadi vuli, na ibebe viatu vya raba.